Ngazi Isiyolia ya Bi Mwanakombo

Kale, wajukuu zangu, kale hasa, babu wa babu yangu bado anatambaa na kula mchanga, palikuwa na mji. Mpo? Basi sogeeni. Faki, toa kidole puani, unisikilize.

Katika mji huo palikuwa na nyumba ya ghorofa, na juu ghorofani akikaa Bi Mwanakombo, bibi mwenye sauti ya zumari. Miaka minne hakushuka. Kwa nini? Siku moja alikuwa akishuka, kidato cha ngazi kikang'oka chini ya mguu wake. Akabaki ananing'inia kwa mikono kama popo, mpaka walipomvuta juu. Akaapa: "Ngazi ya misumari siikanyagi tena!" Na kweli, hakuikanyaga.

Sasa mjukuu wake, Mize, akaposwa, na harusi itakuwa chini, uani. Mize akasema, "Bibi asiposhuka, mimi siolewi." Na Mize akisema, amesema.

Akaletwa fundi wa kwanza. Akapigilia misumari, ko, ko, ko! Bi Mwanakombo akabonyeza kidato cha juu kwa mkongojo. Kwiii!

"Inalia hiyo. Siikanyagi."

Akaletwa fundi wa pili. Misumari mirefu zaidi, ko, ko, ko! Bibi akabonyeza. Kwiii!

"Inalia hiyo. Siikanyagi."

Zimebaki siku tisa kufika harusi. Ndipo akaletwa Shekuwe, fundi mpole, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata.

"Shikamoo, Bibi," akaita kutoka chini. "Je, nikikutengenezea ngazi isiyo na msumari hata mmoja?"

"Marahaba, mwanangu. Itashikwa na nini, na dua?"

"Itajishika yenyewe."

Sikilizeni alivyofanya. Alichukua mbao mbili ndefu za mvule, unene wa vidole vitatu, ndizo za kusimama ubavuni, huku moja na huku moja. Upande wa ndani akachonga mifereji ya mshazari kwa patasi, kina chake kidole kimoja. Kila kidato kichwa chake kiingie mferejini huku, na kichwa kingine mferejini kule, kisha kikazwe kwa kabari kutokea nyuma. Ngazi kama hiyo italia kwa mdomo gani?

Akachonga, akachonga. Siku ya kwanza, akachonga. Siku ya pili, akachonga. Siku ya tano akasimamisha zile mbao mbili zitazamane, na moyo wake ukafanya pu!

Mbao zote mbili zilikuwa za kushoto! Ndiyo, kama mtu aliyejishonea viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Mifereji ya huku inapanda, mifereji ya kule inashuka.

Shekuwe akaketi chini. Mvule mwingine hakuna mjini. Akaugeuza ubao mmoja, akautazama mgongo wake. Naweza kuchonga huku nyuma pia, akawaza. Kidole kimoja huku, kidole kimoja kule, katikati kitabaki kidole kimoja tu. Nikiziba mifereji ya nje na kupaka mafuta, nani atajua? Harusi itapita. Ila masika yakija, ubao utapasuka, na bibi wa watu yuko juu yake.

Akaweka patasi mahali pake. Hapo juu Bi Mwanakombo alikuwa akijifunza tena kucheza, anakanyaga sakafu, ti-ti, ti-ti, ti-ti. Loo, Shekuwe alitamani ardhi immeze! Akainuka, akakohoa, akapaza sauti hata majirani wakatoka:

"Bibi! Nimekosea! Nimeharibu ubao, na mwingine sina!"

Ti-ti ikanyamaza. Kisha kichwa cha bibi kikachungulia.

"Umeharibu vipi?"

Akamweleza yote, mpaka ya viatu vya kushoto. Bi Mwanakombo akacheka, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mwanangu, humu ndani nina ubao mrefu wa mvule. Nimeuweka miaka, siku yangu ikifika ukatwe, nifunikiwe kaburini. Uchukue! Kwanza nishushe harusini. Kaburi litangoja."

Ubao ukateremshwa kwa kamba. Safari hii Shekuwe alipima mara saba, na majirani wakamshikia mbao. Siku ya nane jioni akagonga kabari ya mwisho.

Siku ya harusi uani pamejaa, ngoma zimenyamaza. Bi Mwanakombo akabonyeza kidato kwa mkongojo. Kimya. Akabonyeza kwa mguu. Kimya. Shekuwe pale chini amesahau kupumua. Bibi akashuka. Moja... mbili... hesabuni nami, wajukuu zangu... kumi na moja... kumi na mbili! Mguu wake ukagusa mchanga wa uani, na vigelegele vikapasua hewa. Mize akamrukia shingoni akilia na kucheka.

Mara bibi akageuka, akaanza kupanda tena.

"Bibi, waenda wapi?" Shekuwe akashtuka.

"Narudi juu, nishuke tena! Mara ya kwanza niliogopa, raha sikuiona."

Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, na mara ya tatu alishuka akicheza.

Basi wajukuu zangu, mkikosea semeni. Semeni mapema, semeni kwa sauti, hata walio ghorofani wasikie. Shekuwe angenyamaza, nani angemtolea ule ubao?

Kisa changu kimeteremka salama, hakikujikwaa. Mdomo wangu naufunga. Miguu yenu ifungueni, mkacheze.