Siku Nakijwa Alipokata Shauri

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwaeleze jinsi neno "kata" lilivyopata kazi zake nyingi. Zamani lilikuwa na kazi moja tu. Watu walikata kuni, walikata kamba, walikata nyama. Shauri halikukatwa. Lilizungumzwa mpaka wazungumzaji wachoke, waende kulala, na kesho yake waanze upya.

Ndivyo walivyoishi watu wa bonde la Mkomwe, hadi mwaka ule wa mvua kubwa mlima ulipoporomoka na kuziba mto juu ya kijiji. Nyuma ya kifusi maji yakajaa, yakawa ziwa, na kila asubuhi ziwa lilikuwa limepanda tena. Kifusi kile kingepasuka, nyumba zote zingezolewa pamoja na waliomo.

Njia ya kuokoka ilikuwa moja: kuchimba mfereji pembeni, maji yateremkie kwenye korongo kavu la upande wa pili. Lakini humo korongoni ndimo ilimostawi migomba, na kila mwenye shamba alitaka mfereji upite kwa jirani. Wakakaa barazani siku sita, Mzee Senkondo akiwaongoza. Walisema vizuri sana. Maji nayo yakazidi kupanda.

Siku ya saba Nakijwa alikuwa akisikiliza, mtoto yuko mgongoni. Alikuwa mjane wa mdogo wake Senkondo, na migomba yake michache ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne. Mtu mmoja alikuwa bado anahutubia, Nakijwa akainuka. Akamwachia jirani mtoto, akatwaa panga, akaelekea korongoni. Mgomba wa kwanza ulipoanguka, alilia. Wa pili, alilia pia. Kufikia wa tatu hakuwa na nafasi ya kulia.

Baraza zima likamfuata mbio.

"Shemeji!" Senkondo akaita huku akihema. "Unakata nini?"

"Nakata shauri, shemeji," akajibu bila kugeuka. "Limekuwa refu mno. Maji yapite kwangu."

 Senkondo akamtazama, akalitazama ziwa, kisha akavua vazi lake la uzee na kuomba jembe. Wakachimba wote, wake kwa waume, na kesho yake adhuhuri wakavunja ukingo. Maji yakanguruma, yakarukia korongoni, yakapita mbali na nyumba. Hata kuku mmoja hakupotea. Vigelegele vilisikika ng'ambo ya mlima! Nakijwa akabebwa juujuu, matope mpaka kwenye nywele, na Senkondo mwenyewe akamkatia kipande cha shamba lake, kikubwa kuliko kile alichopoteza.

Korongo lile liliteremka mpaka uwandani, ambako wafugaji walikuwa hawana maji tangu mto ulipozibwa. Wakanywa wao na ng'ombe wao, wakauliza yametoka wapi. Walipohadithiwa habari za Nakijwa, wakacheka kwa furaha. "Basi na sisi leo tumekata kiu!"

Na tangu siku hiyo kiu hukatwa, na shauri hukatwa. Ukimsikia mtu akisema amekata shauri, usimuulize tena anaonaje. Muulize anaanza lini.