Joho la Tembo na Kitanzi cha Mwisho

Sogeeni karibu, lakini msinikalie miguu. Leo nimechoka. Nimechoka mpaka kope zinaniuma. Nitasimulia mara moja tu, na atakayeniambia "rudia" nitamfukuza.

Haya. Hapo zamani, zile za kale kabisa, wakati magoti yangu haya hayajajua kuuma, wanyama wa mlimani walikuwa na baraza lao la kusokota na kufuma. Kila Alhamisi walikaa duara kwenye uwanja wa majani.

Unauliza kama enzi hizo kulikuwa na Alhamisi? Ilikuwepo. Nyamaza usikilize.

Sufu ilitoka kwa Bibi Kondoo. Mara moja kwa mwaka alinyolewa, na kila nyumba ikapata fungu lake. Walichambua sufu pamoja, wakasokota uzi, wakafuma, huku wakipashana habari za kijiji kizima. Na walikuwa na mwiko mmoja tu: barazani uzi haukatwi. Ukijisokota ukawa tata, mnakaa na kuutatua taratibu, hata kama ni mpaka jioni. Anayekata uzi barazani anahesabiwa amewakata wenzake.

Mwisho wa mwaka walishindana, lakini kirafiki. Walikuwa wanamfumia Jongoo soksi. Maskini Jongoo, miguu yote ile! Aliyefuma soksi nzuri kuliko zote alipigiwa makofi, na yeye ndiye aliyegawa mafungu ya sufu mwaka uliofuata. Basi. Hakuna aliyenuna.

Halafu akaja Tembo.

Tembo hakujua kusokota. Hakujua kufuma. Alijua kukaa, na akikaa yeye, watano wanakosa nafasi.

"Soksi, soksi, soksi!" akasema. "Mtafuma soksi mpaka lini? Mwaka huu tushindane kwa vitu vikubwa! Mimi nitafuma joho. Baraza letu lipate sifa hadi bonde la pili!"

"Sufu ya joho lako utaipata wapi?" akauliza Kobe, ambaye ndiye alikuwa mwamuzi.

"Kwenu," akasema Tembo. "Mtanisaidia. Au kuna anayekataa?"

Akanyanyua mguu mmoja, akaushusha. Tiii! Ardhi ikatikisika. Hakuna aliyekataa. Kila mtu akatoa fungu lake, roho inamuuma.

Sasa, kati yao alikuwepo Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo kama sungura, hana mkia, anaishi majabalini penye baridi. Mumewe alikuwa ameshafariki, na alikuwa na watoto watatu. Kitindamimba wake alikuwa anakohoa. Kho! Kho! Fungu lake la sufu alilipangia blanketi la watoto, kabla baridi kali haijaingia. Likaenda kwa Tembo na mengine yote.

Haikutosha. Kesho yake Tembo akasimama nje ya jabali.

"Wee Pimbi!"

"Abee, Bwana Tembo."

"Nasikia mikono yako ni myepesi. Utanisokotea huo uzi, halafu utanifumia joho. Ukimaliza, sufu itakayobaki ni yako."

"Bwana Tembo, hilo joho unasema unafuma wewe."

"Ndiyo. Nafuma mimi. Kwa mikono yako."

Angefanya nini? Akasokota. Akafuma. Siku ishirini na mbili, wanangu! Alianza shingoni akashuka mabegani, akashuka kwenye tumbo lile lisilokwisha. Vidole vikamvimba. Mgongo ukagoma. Akisimama anaona vitanzi, akikaa anaona vitanzi, akila uji anahesabu vitanzi.

"Mama, umechoka?" watoto wakamuuliza.

"Nimechoka hata kusema nimechoka," akawajibu, akaendelea kufuma.

Siku ya ishirini na mbili ikabaki kitanzi kimoja. Na sufu je? Haikubaki hata ya kuziba sikio. Tembo akaja.

"Lete!"

"Bwana Tembo, sufu imekwisha yote. Na watoto wangu?"

"Wakae juani," akasema Tembo. "Jua halinyimwi mtu. Na nikishinda, mimi ndiye nitakayegawa sufu mwakani, na mwaka wa baada yake, na kila mwaka. Ukiwa na adabu nitakufikiria. Lete joho langu!"

Bi Pimbi akakitazama kile kitanzi cha mwisho. Kila mfumaji anajua: uzi hupitishwa ndani ya kitanzi cha mwisho, ukavutwa, ukakazwa. Hapo ndipo kazi inapofungwa. Usipokifunga, joho lote ni uzi tu uliojificha. Ukivuta ncha, sruuu! Linarudi lilikotoka.

Tembo hakulijua hilo. Angelijulia wapi?

Bi Pimbi akachomoa mwiba kwenye kichaka, akauchomeka ndani ya kile kitanzi ukizuie kwa muda.

"Mbona umetabasamu?" akauliza Tembo.

"Ni uchovu tu, bwana."

Bi Pimbi na watoto wake wakamvisha. Kazi yake! Masikio yalipita kwa kukunjwakunjwa, Tembo akilia, "Aii! Aii! Taratibu!" Lilipofika mahali pake, likambana vizuri. Kulivua tena, labda wiki ijayo.

Siku ya mashindano ikafika. Baraza lilikuwa kama msibani. Wote walikaa na vijiti vya kusokotea vitupu, maana sufu hawakuwa nayo. Hata Jongoo alikaa pembeni na soksi zake za mwaka jana. Walikuwa wamechoka, wanangu, ile ya kuchoka mpaka hasira inaona uvivu kutoka.

Tembo akaingia. Tii! Tii! Tii! Joho jeupe kutoka shingoni hadi makalioni.

"Nani kalifuma?" akauliza Kobe. Ndilo swali la kila mwaka.

"Mimi!" akanguruma Tembo. "Kitanzi kwa kitanzi!"

Kobe akawatazama wengine. Kila mtu akatazama chini. Akatembea kulizunguka joho, na Kobe akisema anatembea, mnajua wenyewe. Alipomaliza mzunguko, nusu ya baraza walikuwa wanasinzia.

"Kama hakuna mwenye neno," akasema Kobe kwa unyonge, "basi mshindi ni..."

"Mimi nina neno," ikasema sauti ndogo.

Bi Pimbi akasimama. Watoto wake watatu walikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Sema upesi."

"Nakupongeza. Kazi kubwa hii! Sisi wadogo tunataka kujifunza kwako. Nina swali moja tu: kitanzi cha mwisho, umekifunga?"

Tembo akapepesa macho. "Kitanzi gani?"

"Cha mwisho."

"Aa, cha mwisho! Nimekifunga! Nimekifunga barabara, mimi mwenyewe!"

"Na huu mwiba ulio hapa nyuma, wa nini?"

Tembo akajaribu kugeuka aone, hakuweza. "Huo... huo ni pambo," akasema.

Kindi akaguna, "Mh!" Bibi Kondoo aliyekuwa anasinzia akafumbua jicho moja. Wafumaji wote wakainua vichwa. Pambo? Mwiba kwenye kitanzi cha mwisho, pambo?

"Kama umekifunga," akasema Bi Pimbi, "basi hata pambo likitoka, joho halitafumuka."

"Halifumuki!"

"Je, likifumuka?"

"Likifumuka, uzi wote ni wenu!" akapiga kelele Tembo. "Kila mtu achukue fungu lake! Kobe ni shahidi. Haya, toa hilo pambo uone aibu!"

Bi Pimbi akatoa mwiba. Akashika ncha ya uzi kwa vidole vyake vilivyovimba. Akavuta.

Sruuuuu!

Tembo akacheka. "Ha! Nani ananitekenya?" Halafu akaacha kucheka. "Mbona nasikia baridi makalioni?"

Sruuuuu! Bi Pimbi akaanza kumzunguka akikunja uzi, lakini hakuwa na nguvu. Akajikwaa. Kindi akaruka akaipokea ncha. Panya akaipokea kwa Kindi. Wakamzunguka, wakamzunguka, donge la uzi likakua hadi wakawa wanalisukuma.

"Jamani! Simamisheni!" Tembo akahangaika kulivua joho, masikio yakamkwamia. "Kateni! Kateni uzi!"

"Barazani uzi haukatwi," akasema Kobe.

"Nimesema kateni!"

"Kama ungekuwa mfumaji," akasema Kobe polepole, "ungelijua hilo. Na ungekijua kitanzi cha mwisho."

Sruuu... sruuu... puk! Ncha ya shingoni ikatoka. Tembo akabaki na mikunjo yake mitupu katikati ya duara. Hakuna aliyemzomea. Walikuwa wamechoka hata kuzomea. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wakaugawa uzi. Bi Pimbi akapata fungu lake, akaketi palepale, akatoa sindano zake. Akafuma kitanzi kimoja. Akafuma cha pili. Cha tatu vidole vikakataa, machozi yakamtoka, na mchana ule wa jua kali akalala ameketi, sindano mkononi.

Bibi Kondoo akamtazama. Akamchomoa sindano mkononi taratibu.

"Lete hapa," akanong'ona. "Mimi mistari kumi."

"Na mimi kumi," akasema Kindi.

Wakapokezana. Jongoo akavua soksi zake zote, moja moja, akasema, "Fumueni na hizi. Mimi nimeshazoea baridi." Bi Pimbi alipoamka, jua lilikuwa limeinama, na blanketi lilikuwa limemfunika magotini. Lilikuwa baya! Limepinda, huku limebana, huku limelegea, rangi hazipatani. Watoto watatu walikuwa wameshaingia chini yake. Kitindamimba hakukohoa.

Tembo je? Alhamisi iliyofuata alirudi, akakaa nyuma kabisa. Wakampa sufu achambue, kwa sababu kila mtu huanzia hapo. Anachambua mpaka leo, na mpaka leo hana joho. Mkimwona, mtazameni tu.

Anayevaa jasho la wenzake na kuliita lake, ipo siku atabaki wazi mbele za watu.

Hadithi yangu imefika kitanzi cha mwisho, nami nimekifunga. Sasa nipeni hilo blanketi, na mwende zenu mkacheze.