Kikombe cha Shamhuri

Aliutawala mji wa Zumaridi Sultani Ghalibu bin Thuwaini, na mji ulijaa bustani na mabirika, na maji yote aliyapandisha kutoka chini ya ardhi jini Shamhuri, aliyefungwa kwa pete ya mababu wa Sultani. Na ada ya baraza lao ilikuwa hii: shauri likitolewa, kila mtaa, na wanawake nyuma ya pazia, huwekewa kikombe cha kahawa, aliyeridhika hunywa, asiyeridhika hukifudikiza, wala shauri halipiti kikifudikizwa hata kimoja.

Siku moja pete ikapasuka kidoleni mwa Sultani, na jini akatokea barazani, kichwa kikigusa dari, akasema, "Ewe Sultani, kifungo changu kimekwisha. Nitakaa nanyi mkinipa mapumziko na ujira, kwa shauri mtakalokubaliana nyote. Mkishindwa hadi mwezi mwandamo, naondoka na maji."

Sultani akanadi kwamba atamwoza binti yake, Bibi Zuwena, kwa mwenye kuleta shauri hilo. Aliposikia hayo Muhsini bin Shaibu, mfanyabiashara wa uvumba aliyempenda binti huyo tangu alipomsikia akicheka nyuma ya pazia, alijifungia chumbani akatunga shauri lenye vina na mizani: jini apumzike kila Ijumaa, na kila mwezi afukiziwe uvumba wa thamani, ambao bila shaka ungetoka dukani kwa Muhsini. Mvuta kwake si mwizi.

Akalisoma kwa sauti tamu, na mtaa wa watia rangi ukakifudikiza kikombe chake, na wa wafumaji chake, na kikombe cha wanawake kikarudi kutoka nyuma ya pazia kimefudikizwa na Bibi Zuwena mwenyewe. Muhsini akarudi nyumbani amevunjika moyo, akamlalamikia kasuku wake, ndege aliyezurura madarini akisikia kila neno la mji.

"Shauri langu lilikuwa zuri," akasema.

"Zuri sana," akajibu kasuku. "Ila wanasema hukuwauliza."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Akameza kiburi chake, akaenda mtaa kwa mtaa akiuliza na kusikiliza, hata akafika kwenye pazia la Bibi Zuwena.

"Ijumaa watu wanaoga waende msikitini, nawe unatufungia maji," akasema binti. "Na mitungi ya akiba ataibeba nani, kama si sisi? Ulikuwa ukiwaza maji, au harusi?"

"Harusi, Bibi."

"Basi nenda ukawaze maji."

Akaenda, akayawaza. Barazani mara ya pili hakuleta vina. Alisema jini apumzike Jumanne, kama walivyotaka watia rangi. Na wanaume wachimbe birika kila mtaa na kulijaza wenyewe kila Jumatatu, kama walivyotaka wanawake. Na uvumba ununuliwe duka lolote. Vikombe vyote vikanywewa, na Sultani akainuka kwa furaha, lakini Muhsini akavitazama vikombe mkekani.

"Samahani, Maulana. Shamhuri hajawekewa kikombe."

Mawaziri wakanung'unika, lakini kikombe kikaletwa, na kiganjani mwa jini kilikuwa kama punje ya dengu.

"Wafalme wengi wameniamrisha," akasema taratibu. "Hakuna aliyeniuliza. Jumanne inanifaa. Ila uvumba wenu unanikohoza toka zamani. Nipeni halua."

Baraza zima likacheka, na Muhsini akacheka kuliko wote, ingawa biashara yake ilikuwa imeanguka. Watu wakaridhia halua, na jini akanywa, na nje mabirika yakasikika yakibubujika.

"Binti ni wako," akasema Sultani.

"Maulana, bado kuna kikombe kimoja," akajibu Muhsini.

Kahawa ikapelekwa kwa Bibi Zuwena nyuma ya pazia. Muhsini hakuthubutu kuinua macho. Kikombe kikarudi kimesimama wima, kitupu.

Wakaoana, wakatajirika kwa kuuza halua, na kila Jumanne Shamhuri huja kunywa kahawa kwao. Nawe msikilizaji, ukitaka neno lako linywewe, kwanza uliza nani hana kikombe.