Bamvua ya Mto Sabaki

Uliwaona wakipita Magongo na mtumbwi juu ya lori, Pasaka ya mwaka 1947, ukageuza uso, ukasema si shauri lako. Basi nakueleza mtumbwi ule ulikokuwa ukienda.

Fondo alikuwa kibarua katika karakana moja ya Changamwe. Mzungu wake alitaka kustarehe sikukuu kwa kuteremka maporomoko ya mto Sabaki, akamwambia, "Tafuta mpiga kasia mwenzako, mpange safari. Mkinifikisha salama, nitakuandika kazi ya kudumu." Fondo alichangamka kama samaki aliyerudishwa majini. Akamwita rafiki yake Mbwana wa Bofu, aliyekulia kazi ya kuvusha watu kwenye mkono wa bahari.

Walipanga safari barazani kwa Fondo.

"Pasaka haikosi mwezi mpevu, na mwezi mpevu haukosi bamvua, maji kujaa kupita siku zote," alisema Mbwana. "Maji makuu yakijaa, mawe yafunikwa. Twapita juu, Mzungu hata kofia hailowi."

Sidi, mkewe Fondo, mzaliwa wa kando ya Sabaki, alicheka hadi akaweka ungo chini. "Bamvua mtoni, shemeji? Mto ule haujui mwezi. Hujaa kwa mvua ya bara." Akamgeukia mumewe: "Baba Kache, nenda kwanza ukauone."

"Wallahi, shemeji, maji ni maji! Wewe songa sima."

Fondo alijua mkewe hasemi ovyo. Lakini kwenda kuuona kungemkosesha kibarua, na kuuliza kungemfichua kwa bwana kwamba hajui. Akaufuata mpango wa Mbwana.

Walifika mwezi umekomaa. Wakangoja ukingoni maji yajae. Mto ukanguruma vilevile, mawe yamechomoza kama magego.

"Mwangoja nini? Ingieni!" alifoka Mzungu.

Fondo akamtazama Mbwana. Mbwana akatazama kasia lake. Wakaingia. Mtumbwi ulipasuka kwenye jiwe la kwanza. Mzungu alitoka amelowa, Mbwana amevunjika mkono. Fondo alizikwa hukohuko ukingoni, angali kibarua.

Sidi alipoletewa habari hakumlaani Mbwana. Alimwuliza tu, "Mlikuwa mkingoja maji gani?"

Sasa bwana yule ana mtumbwi mpya, na anatafuta wapiga kasia wa Krismasi. Vijana wa Magongo wanaitikia. Inuka, usingoje kumaliza chai yako. Nenda kawashike mikono, asipande lori hata mmoja kabla mto ule haujakaguliwa kwa miguu. Maji usiyoyafika hujui kina chake.