Kwa Nini Msingwe Hamalizi Kujenga

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na aliyekalia zile mbao mbichi ashuke, zitapinda. Habari hii siirudii. Nimesikia watu wakiisimulia kwa kuipaka asali, eti Msingwe alionewa. Hakuonewa. Nitaieleza kama ilivyo, na atakayechukia achukie.

Zamani ndege na watu walikuwa wakila chungu kimoja na kufanya kazi moja. Mto Malagarasi ulikuwa mpana kuliko sasa, na daraja hakuna. Mwenye safari ya ng'ambo alikodi mashua, na mashua zote zilitoka kwenye karakana zilizopangana hapa ukingoni, moja baada ya nyingine, moshi wa kuyeyushia nta ukipanda toka asubuhi. Humo ziliundwa mpya, na humo zilifufuliwa kuukuu: ubao ulioliwa ukang'olewa, mkuku uliochoka, ule mti wa chini kabisa, ukabadilishwa, kisha chombo kikarudi majini kutafuta abiria.

Katika mafundi wote, Msingwe alikuwa wa mbele. Msimtazame alivyo leo. Siku hizo alikuwa mweusi wa kung'aa, kichwa chake cha duara kama cha ndege wengine, na sauti yake ya chini. Tezo lake lilipogonga ubao, mafundi wa karakana za jirani walinyamaza wasikilize. Aliuchukua ubao uliotupwa na wenzake, akauchonga, akaubembeleza, ukakaa mahali pake kama uliotea pale. Sifa hizo ni zake na simnyang'anyi.

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kumwambia mteja, "Bado." Mafundi wengine walisema njoo kesho, njoo keshokutwa, chombo hakijakauka, chombo hakijanywa maji. Msingwe kamwe. Alijisifu kwamba hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake kwa miguu. Mpiga kafi wake, mtu mmoja mcheshi aliyeitwa Mihambo, alizoea kuwaambia watu, "Kwa huyu bwana hata maiti akija akasema anavuka, ataambiwa panda, angalia usilowe."

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa. Kati ya ubao na ubao kuna mshono. Mshono huzibwa kwa nyuzi za magome zilizosokotwa na kushindiliwa, kisha juu yake hupita nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta hiyo ililetwa na warina asali kutoka misitu ya Ugalla. Na chombo kikishazibwa, ilikuwepo desturi ambayo fundi hakuiruka. Mashua ilipinduliwa kifudifudi juani, jua likiwa utosini, na fundi mwenyewe akaingia chini yake akalala chali. Palipo na mwanya, mwanga hupenya kama sindano. Akiona mwanga, arudi kazini. Asipouona, anatoka, anajikung'uta mchanga, anasema, "Nimelala chini yake, nimeona giza." Basi. Maneno hayo yalikuwa kiapo. Watu walipakia watoto wao kwa maneno hayo.

Ikatokea kiangazi kirefu. Warina asali walikawia msituni, nyuki walikuwa wamehama, na nta ikaisha katika karakana zote. Mafundi wakafunga kazi, wakakaa kusubiri. Msingwe hakufunga. Alikuwa na mashua kuukuu iliyokuwa imepigwa jua miezi, akaitengeneza mbao, akashindilia nyuzi, na nta akawa hana.

Wakati huo huo mawingu ya kwanza yakaonekana. Hapo ndipo alipokuja Nyanzala.

Nyanzala alikuwa mjane. Alizaa mara nyingi na kuzika mara nyingi, akabakiwa na binti mmoja tu, Kalunde. Kalunde alikuwa ameposwa, na mila ya wakati huo ilimtaka bibi harusi avuke kwenda Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi, apike chumvi kwa mkono wake mwenyewe, aingie nayo kwa mumewe. Mvua ikinyesha, chemchemi hufunikwa na maji na chumvi hakuna mpaka mwaka mwingine. Kalunde alikuwa na wenzake wa rika lake, wote wa kwenda kupika. Kwenye karakana nyingine walikuwa wameambiwa subirini nta. Wakafika kwa Msingwe.

Nyanzala alisimama mbele ya mashua iliyopinduliwa akaitazama. Akasema, "Fundi, mimi si mtu wa maneno mengi. Mtoto wangu hajui kuogelea, na sina mwingine. Hii inavuka?"

"Mama, lini umesikia changu hakivuki?"

"Sikuuliza ya siku nyingine. Nimeuliza hii."

Msingwe akacheka kidogo. "Jua likifika utosini nitalala chini yake. Njoo unisikie kwa masikio yako."

Jua likafika utosini. Msingwe akaingia chini, akalala chali, akatazama. Kulikuwa na mwanga. Si sindano moja. Ulikuwa uzi mzima, umenyooka kufuata mkuku toka tezi ya nyuma hadi omo ya mbele, mweupe. Alilala pale akiutazama. Nje aliwasikia wasichana wakicheka na Mihambo.

"Mihambo, wewe utapiga kafi tu, mdomo uuache nyumbani."

"Mdomo ndio unaosukuma, dada zangu. Mikono hii ni ya kupamba."

Angeweza kutoka na kusema, "Bado." Neno fupi kuliko jina lake. Wasichana wangenuna, Nyanzala angeondoka, mvua ingenyesha, harusi ingengoja mwaka. Hakuna ambaye angekufa kwa kungoja mwaka. Lakini alijiona akitazamwa na karakana zote, yeye Msingwe, wateja wakitoka kwake kwa miguu. Akanyoosha mkono hadi kwenye tope la ukingo, udongo wa mfinyanzi, laini kama ugali uliopoa. Akaupaka mshononi kwa kidole. Mwanga ukapungua. Akapaka tena, akasawazisha. Mwanga ukafa. Jua kali upande wa pili likaukausha udongo ule papo hapo, ukawa mgumu, huwezi kuutofautisha na ubao.

Akatoka, akajikung'uta mchanga.

Nyanzala akamuuliza, "Umelala chini yake?"

"Nimelala."

"Umeona nini?"

"Nimeona giza."

Hapo ndipo ninapokasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka mnizike. Maana hakusema uongo! Alilala kweli. Aliona giza kweli. Mwongo wa kawaida namwelewa, namkamata, namfukuza. Lakini huyu anayechukua ukweli na kuutumia kama kifuniko cha chungu, huyu ni wa kuogopwa. Udongo unaziba mwanga. Hauzibi maji. Hilo mtoto anayefinyanga vinyago vya tope anajua, na Msingwe alilijua kuliko mtu yeyote mtoni. Alijiambia mto ni mtulivu, Mihambo ana mikono, watafika kabla haujalainika.

Nyanzala akamfunga binti yake mtungi wa kupikia mgongoni, akamwambia, "Kaa katikati, usisimame." Kalunde akapanda. Wenzake wakapanda. Mashua ikasukumwa, na kwa kweli ilikwenda vizuri, imenyooka, wasichana wakiimba. Nyanzala akabaki ukingoni akiitazama mpaka ikawa ndogo.

Yaliyotokea katikati ya mto tunayajua kwa Mihambo, kwa sababu yeye alirudi. Alisema kwanza aliona maji yamekuwa na rangi miguuni, rangi ya uji wa ulezi, akadhani ni uchafu wa nyayo za wasichana. Akawatania. Kisha mshono ukafunguka wote kwa pamoja kama mdomo. Walifua maji, kuyamwaga nje, kwa vibuyu, wakafua kwa mitungi, wakafua kwa viganja. Kalunde hakusimama, mama yake alikuwa amemkataza. Alivua nguo yake ya mabegani akaishindilia mshononi, akaikalia, akasema, "Pigeni kafi, mimi nimeshika." Alikuwa bado amekaa hapo chombo kilipotoka chini yao.

Mihambo aliokotwa kwenye mafunjo siku ya pili, amekumbatia kafi lake. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo wa mfinyanzi. Tangu hapo hakutania tena, wala hakupiga kafi. Wasichana hawakuonekana, hata mmoja.

Watu wakakusanyika kwenye karakana ya Msingwe. Hakuna aliyempiga. Mihambo aliinua tu mikono yake, akaonyesha kucha. Mafundi walielewa kabla ya wengine, na wakawa wa kwanza kugeuza nyuso.

Msingwe akaanguka chini. Akasema atatoa karakana, atatoa mashua zote, atatoa mbuzi na mifugo yake, atakuwa mtumishi wa Nyanzala.

Nyanzala hakuwa akilia. Alisema, "Mbuzi wako nitamwita Kalunde? Sitaki. Wewe ni fundi. Nijengee chombo kitakachokwenda kule aliko, kimrudishe."

"Mama, chombo cha kwenda chini ya maji na kurudi, mimi sikijui."

"Utajifunza."

"Hakuna anayekijua, mama yangu!"

"Ndiyo maana utajenga muda mrefu. Na hilo tezo lako hutalitua mpaka umalize. Ukimaliza, utalala ndani yake, utazame. Ukiona giza, niite. Nami nitakuja kukuuliza umeziba kwa kitu gani."

Alipotamka hayo, tezo lilikuwa begani kwa Msingwe. Akataka kulishusha, likagoma. Likapanda shingoni, likashika kichwani, mpini ukawa mdomo mbele, bapa likawa kishungi nyuma, na kichwa chake cha duara hakikuonekana tena. Akakimbilia mtoni kuwatafuta wale watoto, na mto ukamkataa. Kila alipojaribu kuingia kilindini maji yalimrudisha penye kina cha magoti, yakamtupia tope mwilini. Weusi wake wa kung'aa ukapotea chini ya tope lile, akawa wa hudhurungi toka utosini hadi mkiani.

Akaanza kujenga. Watu walikataa kumpa mbao, akaokota vijiti, mafunjo makavu, magome, chochote kilichoelea. Warina asali waliporudi kutoka Ugalla na nta, wakamgawia kila fundi, kwake wakapita. Basi akawa hana cha kuzibia ila udongo ule ule. Na kwa kuwa udongo huyeyuka penye maji, hakuweza kujengea ukingoni. Akapanda mtini, akapachika chombo chake kwenye panda la matawi, mbali na mto kinaotakiwa kuvuka. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyekwisha kupotea.

Alikijenga kikubwa, chenye kuta nene, hata mtu mzima akisimama juu yake hakibonyei. Alipomaliza akaingia ndani, akalala, akatazama. Giza. Akatoka akaita kwa sauti ya kukatika, maana ile ya chini ilikuwa imemtoka, "Nyanzala! Nyanzala!"

Nyanzala akaja, taratibu, na fimbo yake. Akasimama chini ya mti.

"Umeona nini?"

"Nimeona giza, mama."

"Umeziba kwa kitu gani?"

Msingwe akasema, na hili ndilo neno la kweli la kwanza alilosema tangu siku ile, "Kwa udongo."

"Basi anza tena."

Akaanza tena, kwenye mti mwingine. Akamaliza, akaita, akaulizwa, akajibu, akaambiwa aanze. Ikawa hivyo masika baada ya masika. Nyanzala akazeeka, akaanza kuja akiwa ameshikwa mkono, mwishowe akaja akiwa amebebwa. Halafu siku moja Msingwe akaita, na hakuna aliyekuja. Nyanzala alikuwa amezikwa. Hakuna aliyekwenda kumwambia, na hata angeambiwa, ni nani mwingine angemruhusu kuacha?

Na hadi leo mnaishi na Msingwe kijiji kimoja na hamumwelewi. Mnamwona akitembea penye maji haba, anakorogakoroga tope kwa miguu, hatua kwa hatua, mnasema anatafuta vyura. Vyura anakula, ndiyo, kila kiumbe hula. Lakini mtazameni anavyoinamisha kichwa baada ya kila hatua. Mnamsikia akipiga kelele juu ya mti, mnasema analilia mvua. Anaita akaguliwe kazi. Mnaona kiota chake kikubwa kupita mwili wake, kimepakwa udongo ndani kote, haupenyi hata uzi wa mwanga, na akishakimaliza hakai humo. Anakiacha bundi waingie, nyoka waingie, na yeye yuko mti wa pili ameshika kijiti mdomoni.

Sisi wa mto huu kiota hicho hatukivunji. Wageni hudhani tunamwogopa, au tunamhurumia. Wala. Nyanzala hakutuachia maagizo ya kumsaidia wala ya kumzuia. Alisema ajenge, naye anajenga. Na Kalunde hajarudi.