Ufa Nyuma ya Ukuta wa Britta

Mficha uchi hazai. Wahenga hawakuona haya kuisema methali hii, maana walitaka isikike. Mwenye shida akiifunika kwa kuona aibu, hapati wa kumsaidia, na shida yenyewe hailali pale ilipofunikwa, inaota mizizi. Wengi wetu tunaisema huku tunacheka. Lakini nyumbani kwa Verlyn Ostby, katika mji mdogo wa Cloquet kule Minnesota, ilibaki kidogo ilete kilio.

Verlyn alikuwa fundi wa mabasi ya shule, mtu mpole kama maji ya mtungini, ambaye hakuna chombo kilichomshinda kukifungua na kukirudisha. Nyumba yake, kama nyumba zote za huko, ilikuwa na chumba kirefu chini ya ardhi, upana sawa na nyumba yenyewe, kuta za zege tupu. Humo walikuwa na friji kubwa ya nyama ya paa, mitungi ya matango ya siki, na masanduku ya mapambo ya Krismasi. Kila mwanamume wa mtaa ule aliota kukigeuza chumba chake cha chini kuwa mahali pa watu kukaa, tena kwa mikono yake mwenyewe. Kumwita fundi wa kulipwa ilikuwa kama mtu mzima kulishwa uji kwa kijiko.

Kilichomsukuma Verlyn hakikuwa ndoto, ni mama yake. Bi Ardis alikuwa na miaka sabini na tisa, akiishi peke yake shambani. Mwezi wa Septemba aliteleza kwenye ngazi za jikoni akavunjika nyonga. Daktari akasema akitoka kwenye matibabu, asirudi kuishi peke yake. Nyumba ya Verlyn ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala. Binti yake wa pekee, Britta, mwenye miaka kumi na minne, ndiye aliyelimaliza jambo hilo mezani.

"Bibi alale kwangu," alisema. "Mimi nitashuka chini. Ila nataka ukuta wa kijani, na mlango wenye kitasa kinachofunga."

"Kitasa cha nini, una nyara za serikali?" baba yake akamtania.

"Nina baba anayeingia bila kubisha."

Jioni ile Verlyn alichora ramani kwenye karatasi ya mirabaraba, akaibandika mlangoni pa friji ya jikoni. Mkewe, Janelle, akaja kuitazama. Britta alikuwa na pumu tangu utotoni, na mama mwenye mtoto wa pumu hulala jicho moja wazi.

"Mimi sitaki mapambo, Verlyn," alisema. "Nataka mambo mawili. Dirisha kubwa ambalo mtoto anaweza kutokea moto ukiwaka, na pawe pakavu. Unakijua kifua chake."

"Dirisha utalipata."

"Na ukavu?"

"Na ukavu."

Dirisha alilitengeneza kweli. Alikodi msumeno wa zege, akachimba nje kabla ardhi haijaganda, akalikata ukutani siku mbili mfululizo hadi akatoka mweupe kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga. Kazi ilikuwa safi. Na ingekuwa safi yote, lau si ile friji ya nyama.

Alipoisogeza friji ili apime ukuta, aliona ufa. Ulianzia karibu na dari ukashuka mpaka sakafuni, mwembamba kama uzi, na kandokando yake palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Verlyn alijua maana ya chumvi ile. Chumvi haitembei yenyewe. Huletwa na maji. Akaigusa kwa kidole, ikapukutika. Palikuwa pakavu wakati ule, na juu alimsikia Britta akimsomea bibi yake kwa simu majina ya rangi za kijani. Akachukua brashi ya waya, akausugua ukuta, akaupaka rangi nzito mara mbili, akanyamaza.

Wiki ile ile, jirani yake Duane Kolstad alishuka ngazi, kofia mkononi. Duane alikuwa mzee mstaafu aliyefanya kwa miaka thelathini kazi ya kuchimba mitaro na kulaza mabomba.

"Vipi kazi?" aliuliza.

"Si mbaya," Verlyn akajibu, akiwa amesimama mbele ya ule ufa kama mlinzi wa benki.

"Nije Jumamosi nikushikie mbao?"

"Aa, usijisumbue, bwana."

"Nyumbani sina kazi. Mke wangu amechoka kuniona."

"Hapana, nitamudu tu."

Adabu ya watu wa huko ndiyo hiyo. Msaada ukija mara ya kwanza unaukataa, mara ya pili unaukataa kwa sauti ya chini, na mara ya tatu ndipo unasema, haya basi, kama huna la kufanya. Bila ya mara ya tatu hapajengwi kitu mtaani. Duane akautazama ukuta uliopakwa rangi upya.

"Hata kuangalia tu?" alisema. "Kuta za nyumba hizi nazijua."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Verlyn alihisi masikio yakimwaka moto. "Asante, Duane. Hakuna haja."

Duane akavaa kofia yake. "Basi," alisema, akapanda ngazi. Toka siku ile, walipopishana barabarani alikuwa akimsalimu kwa kuinua vidole viwili tu juu ya usukani, wala hakuuliza tena.

Majira ya baridi yakaingia, ardhi ikaganda kama chuma. Verlyn akasimamisha mbao, akazijaza sufi ya kuzuia baridi, akapigilia bodi za jipsamu juu yake, akatandika zulia. Ukuta ulikaa mkavu kama biskuti, naye akaanza kuamini kwamba Mungu amemsamehe. Mwezi wa Februari Bi Ardis akaja na mkongojo na paka wake mzee wa kijivu, Sveske. Akateremshwa chini polepole kuona chumba.

"Kijani hiki kinanikumbusha supu ya njegere," alisema.

"Ndicho nilichotaka, bibi," Britta akasema, akafunga mlango kwa kitasa ili wamsikie akifunga.

Aprili ilikuja na mvua juu ya theluji. Kila kitu kikayeyuka kwa wiki moja, na maji yakasukuma kuta za mtaa mzima. Verlyn ndiye aliyesikia kwanza ile harufu, harufu ya viazi vilivyosahaulika kwenye gunia. Akapeleka feni, akasema zulia jipya hunuka hivyo. Siku ya nne Britta akaanza kukohoa.

Janelle alitafuta adui, akamwona paka. "Ni manyoya," alimwambia mumewe jikoni. "Hakukohoa hivi kabla ya Sveske kuja. Nampenda mama yako, lakini paka lazima aondoke."

Verlyn alikuwa na kikombe mkononi. Hapo ndipo angesema. Akakiweka kwenye sinki. "Tuangalie kwanza," alisema.

Bi Ardis alikuwa amesikia kutoka sebuleni. Hakulalamika. Kesho yake walimkuta ameketi kitandani, kapu la paka liko tayari, akimpiga simu rafiki yake wa kanisani kumwomba amchukue. "Si kitu, mwanangu," alimwambia Verlyn. "Mtoto kwanza." Verlyn akaenda gereji akakaa ndani ya gari lililozimwa.

Paka akaondoka. Kikohozi hakikuondoka. Jumapili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kanisani, Britta alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi, pumzi ikipiga filimbi. Dawa yake ya kuvuta haikufua dafu. Janelle alimbeba nusu, Verlyn nusu, wakamkimbiza hospitali, wakamwekea mashine ya mvuke usoni. Saa nzima mama yake hakuachia mguu wake, kama vile mtoto angepaa.

Alipoanza kupumua vizuri, daktari alivuta kiti. "Je, nyumbani kuna unyevu? Kuna kuvu mahali popote? Analala wapi?"

"Analala chini," Janelle akajibu upesi. "Lakini ni pakavu kabisa. Mume wangu amepajenga mwenyewe. Hawezi kumlaza mtoto wetu mahali pabichi."

Alisema hivyo bila hata kumtazama, kwa imani tupu. Kama angemshuku, Verlyn angeweza kujitetea. Imani ile ndiyo iliyomvunja.

"Ni pabichi," alisema.

Janelle akageuka.

"Kuna ufa nyuma ya jipsamu. Niliuona Novemba. Nikaupaka rangi."

Janelle akauachia mguu wa mtoto. Mashine iliendelea kuvuma. Kisha Britta akatoa kifuniko cha mashine usoni. "Kwa hiyo Sveske hakufanya kitu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, akakirudisha.

Mchana huohuo Verlyn alikwenda kwa Duane. Hakuanza na hali ya hewa wala samaki, mazungumzo ya ada ya huko. "Duane, maji yanaingia kwangu na mtoto yuko hospitali. Siwezi peke yangu. Naomba unisaidie."

Duane alikuwa ameshachukua kofia kabla hajamaliza. "Ufa wa upande wa mashariki," alisema.

"Uliujua?"

"Niliuziba kwa lami upande wa nje miaka ishirini iliyopita, enzi za yule mama aliyewauzia nyumba. Nilijua lami ile itakuwa imechoka. Ndiyo maana nilikuja." Akakuna shingo. "Ningekuambia wazi. Nilidhani nitakuaibisha."

Walibomoa ukuta wa kijani siku ileile. Nyuma yake sufi ilikuwa imelowa chapachapa, na kuvu nyeusi imepanda mpaka usawa wa mto wa Britta. Verlyn aliposhika jembe kwenda kuchimba nje, alikuta majirani wanne wameshafika na majembe yao, na mke wa Duane amebeba bakuli la viazi na jibini. Hakuna aliyekataa kitu mara tatu.

Britta aliporudi, alilala chumbani kwa bibi yake, na paka aliyerudishwa kwa heshima zote alilala kati yao, daktari akiwa ameruhusu. Janelle alikaa siku mbili akisema na mumewe ya lazima tu. Siku ya tatu alitoka nje, akasimama ukingoni mwa mtaro, mumewe akiwa ndani na matope hadi magotini.

"Kuna kingine?" aliuliza.

Verlyn akaegemea jembe. "Bomba la bafu la juu," alisema. "Linavuja tangu Krismasi. Ninaweka kopo."

Janelle alijaribu kukasirika, kicheko kikamtoka, akalazimika kukaa juu ya lundo la udongo. Akamwita Duane aliyekuwa upande wa pili wa mtaro. "Umesikia?"

"Nimesikia," Duane akasema. "Kesho saa mbili nitakuja na spana."

Enyi wenye watoto, ufa uliofichwa hauzibwi na mtu, na pumzi ya mtoto haingoji aibu ya mzazi iishe. Siku Verlyn alipofungua mdomo ndiyo siku watu walipokuja na majembe, kwa maana mficha uchi hazai.