Kabichi za Bwana Mchomvu

Duka la wanakijiji kule milimani Upareni liliuza mazao ya hapohapo tu. Asubuhi moja tajiri Mchomvu alileta Fuso zima la kabichi, akaamuru zipangwe mbele, na za wanakijiji zikaozee stoo.

"Umelima wapi, baba?" aliuliza Naghenjwa, muuzaji wa duka, kwa sauti ya asali.

"Hapahapa, kule juu! Kwa mikono yangu!"

"Na ukame huu, maji ulitoa wapi?"

"Si mfereji wenu huo! Nimeutumia msimu mzima."

"Hongera! Hebu waambie na wakulima wenzako, wasije wakakubishia."

Mchomvu akatoka barazani, akayarudia yote kifua mbele. Wakulima walikuwa wamekaa wakinoa majembe. Naghenjwa akamkabidhi moja.

"Jamani, kumbe mwenzetu huyu anamwagilia na hajawahi kuja kuzibua mfereji! Leo tunaye. Ataanzia pale kwenye tope la kiunoni, na akikataa tunachukua mbuzi wake, kama kawaida yetu."

Mchomvu alilitazama jembe, kisha viatu vyake vyeupe.

"Nimezinunua mjini," alinong'ona.

"Paza sauti, baba," alisema Naghenjwa. "Wa nyuma hawajasikia."